Nani kasema steji nzuri ni ile inayoua?

Tesiti zimekwisha jana mchana, macho bado mekundu, bumu limebaki la kununulia vocha tu, lakini nimekaa kwenye kompyuta kwa sababu kuna jambo limenikaba tangu Jumapili. Kama wewe siyo mtu wa gemu vumilia kidogo. Mbele huko na wewe umo.

Kuna kauli imeota mizizi bwenini kwetu. Muulize mtu steji fulani ya Mario ikoje, hakwambii ina nini ndani yake. Anakwambia imeua wangapi. "Ile noma, hajamaliza mtu." Basi, hukumu imeshatoka, imefaulu. Na ile ambayo watu wameimaliza huku wanacheka inaitwa ya watoto. Mimi nasema huo ni uvivu wa kufikiri, tena uvivu unaojipiga kifua.

Kwa wasiojua: Super Mario Maker siyo gemu ya kucheza tu, ni karakana. Ya kwanza ilitoka 2015 kwa mashine ya Wii U, ya pili Juni 2019 kwa Switch. Unapewa matofali, mabomba, kasa, mashimo, miiba, unajenga steji yako mwenyewe halafu wenzako wanaicheza. Kuna sharti moja zuri: huwezi kuipeleka steji yako kwenye intaneti mpaka wewe mwenyewe uimalize kwanza. Ni sharti la busara, ila linathibitisha kitu kimoja tu, kwamba steji inamalizika. Halisemi kama ni nzuri. Hata mtihani wa ovyo una majibu, na aliyeutunga anayajua.

Sasa Jumapili. Jamaa wa chumba cha jirani ana Switch, tukaamua kila anayetaka ajenge steji yake hapo hapo kwenye mashine (hakuna haja ya intaneti kwa hilo), halafu tucheze zote na kupiga kura. Zikapatikana steji nane. Watu kumi na moja, daftari moja, zawadi chipsi mayai na soda. Kwenye daftari tukaandika majaribio mangapi na waliomaliza wangapi. Mwenye steji hachezi yake, kwa hiyo kila steji ilichezwa na watu kumi, na kila mtu alikuwa na ruhusa ya kuacha akichoka.

Steji iliyoshinda ilichezwa mara 64. Aliyemaliza: hakuna. Iliyoshika mkia ni ya dada mmoja wa mwaka wa kwanza, anasoma uhandisi. Majaribio 31, waliomaliza tisa kati ya kumi. Jamaa wakasema "nyepesi mno". Mmoja akaongeza kwamba ndiyo mambo ya wasichana hayo, na wengine wakacheka. Mimi nilisema pale pale kwamba kura ile ni ya ovyo, nikaambiwa niache falsafa nipitishe pedi. Sawa, pedi nimepitisha. Falsafa ndiyo hii.

Tuanze na hesabu, maana watu wanaogopa kubishana na asilimia. Kwenye gemu yenyewe asilimia inapatikana kwa kugawa mara ambazo steji imemalizwa kwa majaribio yote. Majaribio, wadau, siyo watu. Chukua steji A: watu kumi, kila mmoja kajaribu mara 50, na wote wamemaliza. Hiyo ni 10 kwa 500, asilimia 2. Chukua steji B: watu kumi, kila mmoja kajaribu mara 5, kamaliza mmoja, tisa wamechukia wakaenda kulala. Ni 1 kwa 50, asilimia 2 ile ile. Steji A imewafanya watu kumi wakae na kujaribu mara hamsini hamsini bila kukata tamaa, na steji B imefukuza watu tisa. Namba inasema ni mapacha! Ukihukumu kwa namba hiyo peke yake hujui hata umeshika nini mkononi.

Na kushusha asilimia ni rahisi mpaka aibu. Weka mashimo matatu ya kudondokea, chini ya moja kuna sakafu, chini ya mawili hakuna kitu, na mchezaji haoni chini. Rudia mara nne. Anayekisia ana nafasi 1 kati ya 81 ya kupita kwa mara moja. Umefika chini ya asilimia mbili bila kujenga mruko hata mmoja unaohitaji kidole. Hiyo kwetu inaitwa bahati nasibu. Uliza mtu yeyote anayebeti kama kushindwa kwake kunamfanya aliyechapa mkeka kuwa fundi.

Sasa tuiangalie ile iliyoshinda, maana nimeicheza mpaka naiota. Mruko wa kwanza kabisa ni shimo dogo, la kawaida. Unaruka, kichwa kinagonga tofali lisiloonekana, unaangukia humo. Umekufa katika sekunde ya tatu. Umejifunza nini? Kwamba pale kuna tofali. Jaribio la pili unarukia mbele kidogo, linakungoja lingine. Baadaye unapanda ubao unaotembea polepole, na hapo kuna kama sekunde arobaini za kusimama tu, hakuna adui, hakuna sarafu, umesimama kama unangoja daladala. Ukishuka, karibu na bendera ya mwisho, jiwe linakuangukia kutoka juu ya skrini ambako huoni. Bendera ya katikati hakuna, kwa hiyo unarudi mwanzo kusubiri ubao tena. Na kuna kishimo kimoja ukidumbukia hufi na hutoki. Unasimama humo unatazama saa ya gemu ikihesabu, au unafungua menyu uanze upya. Jamaa aliyeijenga alipotuonyesha kwamba inamalizika aliipita kwa mara ya tatu. Watu wakapiga makofi! Jamani, yeye ndiye aliyeyaficha matofali. Mtu akificha funguo za chumba kisha akazikuta mwenyewe, naye tumpigie makofi?

Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndiyo ningependa iingie vichwani. Kuna kifo ambacho ukikitazama unasema "nimezembea". Na kuna kifo ambacho unasema "ningejuaje?". Cha kwanza kinakurudisha kwenye pedi. Cha pili kinakufundisha kukariri. Steji ikijaa vifo vya aina ya pili haipimi ustadi wako, inapima muda ulio nao wa kupoteza, na sisi wanafunzi muda huo hatuna, ingawa tunauonyesha kama tunao.

Mtaniambia Mario ya zamani nayo ilikuwa ngumu. Ilikuwa ngumu, ndiyo. Lakini hebu kumbukeni steji ya kwanza kabisa ya Super Mario Bros., ile ya 1985, ambayo wengi tuliikuta nyumbani kwenye zile gemu za kaseti, pedi imefungwa kwa selotepu. Unaanza upande wa kushoto, kulia kuna nafasi tupu, kwa hiyo bila kuambiwa neno unajua uende kulia. Anakuja Goomba mmoja, peke yake. Usiporuka unakufa, lakini umekufa sekunde chache tu baada ya kuanza, hujapoteza kitu. Unagonga tofali la alama ya kuuliza, uyoga unatoka, unakwenda kulia, unagonga bomba, unarudi kwako. Shigeru Miyamoto alishaeleza kwamba hayo yalipangwa hivyo makusudi, ili hata anayeuogopa uyoga aukute umemgusa na agundue kuwa ni mzuri.

Na zile ngazi za mwishoni! Watu wengi wamepita pale mara elfu bila kuziona. Kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati yake ni ardhi. Ukikosea mruko unaangukia ardhini, unapanda tena. Mbele kidogo kuna ngazi nyingine mbili karibu sawa na zile, safari hii katikati kuna shimo. Mruko ni ule ule, umeshaufanyia mazoezi bila kujua, sasa unaufanya kweli. Huyo ndiye mtu anayejua kujenga. Anakutisha baada ya kukufundisha.

Wajapani hawa wameendelea na njia hiyo miaka yote. Koichi Hayashida, aliyeongoza Super Mario 3D Land ya 2011, alieleza kwamba steji zao zinafuata hatua nne zilizotoka kwenye utungaji wa hadithi: unakijulisha kitu, unakikuza, unakigeuza mtu asivyotegemea, unamalizia. Kitu kimoja, hatua nne.

Basi nendeni mkaicheze tena ya yule dada na mhesabu. Ya kwake imejengwa juu ya kitu kimoja tu, ile swichi ya ON/OFF ambayo ukiigonga matofali mekundu yanatoweka na ya bluu yanatokea. Mwanzo swichi iko peke yake juu ya ardhi salama, mbele kuna ukuta mwekundu. Huna la kufanya ila kuigonga, ukuta unaondoka, umeelewa. Kisha swichi ile ile juu ya shimo: unaruka kutoka tofali jekundu, unagonga ukiwa hewani, unatua kwenye la bluu ambalo nusu sekunde iliyopita halikuwepo. Kisha gamba la kasa linakwenda na kurudi katikati ya kuta mbili na kila mara linaigonga swichi, kwa hiyo sakafu inabadilika yenyewe kwa mapigo kama ngoma, na wewe unaruka kufuata mapigo. Halafu ule mgeuko wake: kasa watatu wamesimama juu ya daraja, huwezi kuwapita, mpaka unagundua kwamba daraja lao nalo ni jekundu. Unagonga, wote watatu wanazama. Mshikaji mmoja aliyekaa kitandani alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Na mwisho unalibeba gamba mwenyewe mkononi, unalirusha wewe, unaitengeneza sakafu yako mpaka kwenye bendera.

Kila penye mruko usioonekana vizuri ameweka mstari wa sarafu kuonyesha njia. Katikati ameweka bendera, baada ya sehemu ya mapigo, pale pale ambapo ungeudhika kurudia. Sikuona kishimo cha kukwama, na nilikitafuta. Kama nina lawama ni moja, ile sehemu ya mapigo inaisha mapema, ingestahili sekunde kumi zaidi. Na kasa wa mwisho kabisa hana kazi yoyote pale, amewekwa tu. Hizo ndizo lawama zenye maana, kwa sababu zinamsaidia aliyejenga kuijenga vizuri zaidi. "Nyepesi" inamsaidia nini?

Na angalieni daftari, nyie mnaopenda daftari. Watu kumi, majaribio 31, ni kama mara tatu kila mmoja. Wawili walioimaliza waliomba kuirudia ili wapunguze muda wao. Ile iliyoshinda, nani aliomba kuirudia? Ilipofika jaribio la 64 pedi ilikuwa imelala juu ya godoro na watu wanaongelea mechi.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kukunja ngumi aniambie mimi naogopa steji ngumu. Hapana bwana. Ugumu naupenda, na ndiyo maana sitaki udhalilishwe. Celeste ya 2018 inaua mamia ya mara, na hakuna anayelalamika. Kwa nini? Kila skrini ni safari yake fupi, ukifa unaanzia pale pale mara moja, na kila kinachokuua unakiona. Tena wamekuwekea huruma usiyoiona: ukichelewa kuruka kwa fremu chache baada ya mguu kuondoka ukingoni, gemu inakuhesabia umeruka. Ni gemu ngumu iliyo upande wako.

Wengine watanitajia kaizo. Vizuri, tuitaje kwa haki. Jina linatokana na ule mchezo wa Kijapani uliofanywa juu ya Super Mario World, ukajulikana 2007 kwa video za T. Takemoto, na alimtengenezea rafiki yake aucheze. Sikilizeni hapo: rafiki yake. Ilikuwa mzaha wa watu wawili wanaojuana, tofali fiche lilikuwa kichekesho, na anayecheka alikuwa amekaa pembeni. Mzaha huo nauheshimu. Lakini waliofuata na kuifanya kaizo kuwa sanaa hawakubaki hapo. Kaizo nzuri za siku hizi zinaweka sarafu kukuonyesha uruke wapi, zinapanga miruko itiririke, zinataka uone kabla ya kufanya. Wao wenyewe, mabingwa wa ugumu, wamelisogeza tofali fiche kwenye fungu la utani. Sisi ndio tumeliokota na kulipa taji.

Halafu kuna kisa cha Trimming the Herbs, ambacho jamaa wa chumba cha jirani anapenda kukitaja kama ushahidi wake. Tukisimulie chote basi. Kundi la wachezaji linaloitwa Team 0% liliamua kumaliza kila steji ya Super Mario Maker ya kwanza ambayo haikuwahi kumalizwa na mtu zaidi ya mwenyewe, kabla Nintendo haijazima huduma ya intaneti ya Wii U tarehe 8 Aprili 2024. Wakafyeka maelfu, mpaka ikabaki hiyo moja, fupi, chini ya sekunde 20. Machi 2024 aliyeijenga akakiri kwamba siku alipoipakia hakuimaliza kwa mikono yake, alitumia vifaa vinavyobonyeza vitufe kwa niaba yake. Kwa hiyo hata lile sharti la gemu lilikuwa limezungukwa. Na bado, tarehe 5 Aprili, siku tatu kabla ya kuzimwa, mchezaji anayejiita sanyx akaimaliza kwa mkono.

Kisa kitamu, mimi mwenyewe kilinisisimua. Lakini kinamsifu nani? Kinamsifu sanyx na kinalisifu lile kundi zima. Na steji ile, pamoja na ukatili wake, haikuwa imeficha kitu, kila mmoja alikiona kinachomshinda, ndiyo maana watu waliweza kuifanyia mazoezi. Ukiitumia kutetea matofali fiche umechukua shahidi wa upande wa pili.

Nilisema hata msiocheza mmo. Kuna mwalimu mmoja, simtaji wala simtaji somo lake, kila muhula wa kwanza anasimama mbele na kutangaza kwamba kwake hakuna anayepata A, na nusu ya darasa itaona sapu. Anasema kwa fahari. Na kweli mtihani unakuja, swali la nne ni kitu ambacho hakikuguswa darasani wala hakimo kwenye kitini. Hilo ni tofali fiche, ndugu zangu. Tunatoka nje tumenuna, vimbweta vyote vinamsema, tunasema huyu hafundishi, huyu anatega. Tuko sahihi kabisa. Halafu Jumapili hiyo hiyo tunashika daftari na kumpa ushindi mtu aliyefanya hivyo hivyo kwa Mario, na tunamwambia aliyefundisha kwanza ndipo akapima kwamba yeye ni mwepesi! Kuna mmoja wetu ana keri mbili za somo hilo, na ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Kilichonikalisha hapa kuandika ni hiki. Jumatano nilipita chumba cha jirani nikamkuta yule dada na Switch mapajani, anaifungua steji yake. Ameshaweka matofali fiche matatu. Moja liko juu ya ule mruko wa swichi ya hewani, ule mzuri kuliko yote. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Kaka, si mlisema nyepesi? Nataka na mimi iheshimike." Sikuwa na jibu la haraka. Angalau nilimwomba asiifute ile ya mwanzo, akaihifadhi pembeni, zipo zote mbili kwenye mashine.

"Kila mtu na ladha yake," najua itakuja hiyo. Ladha ni kusema hupendi swichi, au unapenda maji kuliko majumba ya mizimu. Hapo siingilii. Lakini kama kuna shimo la kukwamia au hakuna, kama jiwe linaonekana au halionekani, kama mtu anangoja sekunde arobaini bila kazi kila akifa, hayo siyo ladha. Yanaonekana, yanahesabika, hata mwenye steji huwezi kumficha.

Shindano lijalo ni baada ya mitihani ya mwisho wa muhula. Napendekeza safu ya waliomaliza ibaki, lakini pembeni yake iongezwe nyingine: kila anayekufa aseme amekufia wapi, na kama alikiona kilichomuua. Neno moja tu, "niliona" au "sikuona". Ya pili: kabla ya kura, kila mtu aseme ni steji ipi angependa kuirudia kesho asubuhi bila zawadi. Wanaopinga wanikute kimbweta cha karibu na kantini Jumamosi saa kumi jioni. Nimeshaazima Switch, itakuwa na chaji, na ile steji ya mwanzo ya yule dada ndiyo tutakayoanza nayo.